Kukinga Mvua, Kukinga Maji

Gerezani, kata iliyobanana na soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, ina jina lililosafiri mbali. Gereza limetoka kwa Wareno, kwenye igreja yao, yaani kanisa. Likapita ndani ya ngome walizojenga pwani, na lilipotufikia likawa jumba la kufungia watu. Hatua chache kutoka hapo, Kariakoo nayo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, kilichotafunwa na ndimi zetu mpaka kikalainika. Anayepita kila siku kati ya majina haya mawili hana sababu ya kuogopa neno la kukopa. Ninachoogopa mimi ni neno lisilofanya kazi.

Nasema haya kwa ajili ya maradhi ya kuambukiza. Mwili unavyopambana nayo na tiba inavyousaidia, hayo tumeyasikia shuleni na kliniki. Ninachotaka tukipime leo, msomaji mwenzangu, ni majina. Kipimo changu ni kimoja: mama aliyempakata mtoto kwenye benchi la kliniki ya Mnazi Mmoja akilisikia neno, linamwonyesha jambo linalotendeka mwilini, au linampa sauti tu?

Kinga linamwonyesha. Kitenzi kukinga kina pande mbili ambazo ukizitazama haraka utadhani zinapingana. Unakinga mvua kwa mwavuli ili isikufikie. Unakinga maji kwa ndoo ili yakufikie, yasimwagike. Masika yakinyesha kwenye mabati ya nyumba za vyumba sita, mambo haya hutendeka katika ua mmoja, kwa wakati mmoja: mpangaji huyu anakimbia na kanga kichwani akikinga mvua, na yule wa chumba cha uani anasogeza beseni chini ya mlizamu akikinga maji. Wote wawili wanakinga, na hakuna anayewachanganya.

Mwili nao hufanya yote mawili. Hauwezi kumzuia vizuri mdudu ambaye haujawahi kukutana naye. Kwanza humpokea, au hupokea kipande chake, ukamshika, ukamsoma, ndipo ukajua namna ya kumzuia safari ijayo. Chanjo zote zimesimama hapo. Waroma walikuwa na immunitas, msamaha wa kodi na utumishi wa dola, na Ulaya ikachukua humo jina la kinga ya mwili. Aliyesamehewa ameketi tu, hadaiwi. Anayekinga amenyoosha mikono. La kwetu liko karibu zaidi na ukweli wa damu, na ningependa walimu wa sayansi walifundishe kwa pande zake zote mbili, kwa ndoo na kwa mwavuli.

Mashaka yangu yanaanza kwenye kingamwili. Ni neno zuri kwa sura, ila tumelibebesha mizigo mingi. Huku linatajwa kwa maana ya mfumo mzima wa ulinzi. Kule ni zile protini zenye umbo la Y zinazomng'ang'ania mdudu mmoja mahususi. Mahali pengine ni hali tu ya mtu kutougua. Mgonjwa aliyeambiwa jana kwamba kingamwili yake imeshuka na leo kwamba kingamwili zake zimepanda, afurahi au alie?

Napendekeza tugawane. Hali iendelee kuitwa kinga. Mpangilio wote uitwe mfumo wa kinga. Zile protini tuziite vinaso, kutokana na kunasa, kama kizibo kilivyotokana na kuziba. Kunasa ni kazi ya mtego na ulimbo: ndege akishatua, hatoki. Na tangu tulipopata kinasa sauti, kunasa kumekuwa pia kutunza kilichokwisha kupita. Mfumo wa kinga unazo kazi zote hizo. Protini zake humnasa mdudu, na seli zake huinasa sura ya mdudu huyo na kukaa nayo miaka mingi, ndiyo maana aliyeugua surua utotoni kwa kawaida haiugui tena. Nililifikiria kwanza vinasa, nikaliacha kwa sababu liko karibu mno na vinasaba. Kwenye maabara yenye kelele maneno hayo yangeingiliana.

Chembe nyeupe za damu tayari zina jina la mtaani: askari wa mwili. Liliingia kwa nguvu kwenye kampeni za UKIMWI, na wapo wasiolipenda kwa kuwa linanukia vita. Mimi nalitetea. Askari lilikuja kutoka Kiarabu likimaanisha mwanajeshi, lakini Kiswahili cha mijini kimelishusha mpaka kwa mlinzi wa geti. Huyo ndiye anayetufaa. Anazijua nyuso za wenyeji, anamsimamisha asiyemjua, na akikosea akamshika mwenyeji, nyumba nzima inaumia. Yapo maradhi ambayo chanzo chake ni kosa hilo hilo la askari.

Neno linalonifanya nijivune kuliko yote limelala kamusini bila kazi. Ni mkunguru: homa impatayo mtu aingiapo nchi asiyoizoea. Wenyeji wako shambani na sokoni, mgeni yuko kitandani anatetemeka. Aliyelitunga alikuwa ameona jambo zito, kwamba kuishi na ugonjwa kunaweza kumpa mtu ngao ambayo mgeni hana, na aliliona kwa macho tu.

Robert Koch alipofanya kazi Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1897 na 1898, aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara walishuka pwani wakarudi na homa, na homa hiyo waliiita mbu. Mdudu pia walimwita mbu. Ugonjwa na mleta ugonjwa walibeba jina moja, wakati Ulaya ilikuwa bado inabishana kuhusu hewa mbaya ya vinamasi, hewa ambayo mpaka leo imo ndani ya neno malaria. Tumelipokea malaria na limeshakuwa letu, silitoi. Lakini mkunguru ningelirudisha kazini. Kijana aliyekulia Dar es Salaam, akakaa Ulaya miaka mingi, akirudi likizo na kuangushwa na homa ambayo wadogo zake wanaipita wakitembea, amepatwa na nini? Kinga yake ya zamani imefifia. Amepatwa na mkunguru.

Jina la namna hiyo hiyo ni homa ya papasi. Mwaka 1905 Koch alirudi, akaonyesha kwamba papasi wanaoishi kwenye sakafu za udongo ndio wanaoeneza homa ile ya kuja na kurudi. Papasi lina sura ya kitenzi papasa, na aliyewahi kulala kwenye kibanda chenye papasi hahitaji kamusi kumwonyesha kwa nini: mdudu huyo hutoka gizani, hutambaa polepole juu ya ngozi ya aliyelala.

Chanjo nalo ni neno la mkono. Kuchanja ni kukata juu juu. Mganga huchanja chale akapaka dawa. Marafiki wa zamani walichanjiana wakawa ndugu wa damu. Chanjo ya ndui ilipofika, jina lilikuwa tayari linaingojea, kwa sababu ngozi ilikwaruzwa kweli na dawa ikapitia hapo. Wazungu walilitoa la kwao kwa ng'ombe, vacca wa Kilatini, kwa kuwa Edward Jenner mwaka 1796 alitumia usaha wa ndui ya ng'ombe. Ndui yenyewe iliishia jirani yetu: mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia, Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imetokomezwa. Ugonjwa umekwisha, mkato umebaki katika neno. Leo mtoto anadondoshewa matone ya polio mdomoni, hakuna kisu wala sindano, na mama anasema mwanangu amechanjwa. Neno limepanuka bila kupasuka. Kenya wanapenda kusema kudungwa. Halina ubaya, ila linaishia kwenye sindano.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya UVIKO-19 Ikulu, Dar es Salaam, kwa kuchanjwa yeye mwenyewe mbele ya wananchi. Kitenzi hicho kuzindua kina mwenzake wa umbo, kuzindika, kama funua na funika. Kuzindika ni kuweka dawa ya kulinda mtu, nyumba au shamba. Wapo wanaoifananisha chanjo na zindiko wakidhani wanaipa heshima ya kienyeji. Nawakatalia. Zindiko humlinda mwenye nyumba akiwa amelala. Chanjo inautaka mwili uamke ufanye kazi, na homa ndogo ya usiku ule ni jasho la kazi hiyo. Tuviache kila kimoja na jina lake.

Dozi ya nyongeza ndiyo inayoniudhi. Nyongeza ni ya mchuzi: ulipewa kidogo, unaongezwa. Dozi ya pili au ya tatu mara nyingi haijazi kilichopungua kwenye chombo. Inaziamsha seli zilizokwisha kujifunza, zikumbuke. Tuseme chanjo ya kukumbusha. Mzazi akiambiwa mtoto arudi kukumbushwa, ataelewa kwa nini anarudi ilhali alishachanjwa.

Kisha kuna ile hali ya watu wengi kuchanjwa mpaka ugonjwa ukakosa pa kupita, ukashindwa kumfikia hata yule asiyeweza kuchanjwa. Kinga ya kundi, tunaambiwa. Kundi la nini? Sikio la Mswahili linasikia ng'ombe, au wahuni. Kinga ya jamii ni afadhali, ila jamii ni neno la hotuba. Katika nyumba ya kupanga, bomba ni moja, choo ni kimoja, ukumbi ni mmoja, na kikohozi cha chumba cha mbele kinasikika chumba cha nyuma. Mtoto mchanga wa miezi minne hajafikia umri wa chanjo ya surua. Kinachomlinda ni watoto wa vyumba vingine kuwa wamechanjwa. Hiyo ni kinga ya ujirani. Nalitoa jina hilo kwa moyo wote, kwa sababu ujirani kwetu una haki na wajibu ndani yake, na kundi halina.

Virusi, kwa ufupi. Neno hilo la kigeni lilipoingia tulilisikia kama wingi, na wengine wakalizalia umoja, kirusi, kama kitabu na vitabu. Sarufi yetu ilimpokea mgeni ikampangia chumba. Wanaolalamika kwamba Kirusi ni lugha ya Warusi wanasahau kwamba herufi kubwa na muktadha vipo.

UKIMWI nalo lina mengi ya kutufundisha. Wagonjwa wa kwanza nchini walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikitoka Uganda. Mitaa ya Dar es Salaam ikaongeza ngoma na miwaya, na herufi za kifupisho cha Kiingereza, AIDS, zikageuzwa kuwa Acha Iniue Dogodogo Siachi. Majina hayo yalificha na kucheka kwa wakati mmoja. Watu walikuwa wanaogopa. Upungufu wa Kinga Mwilini ulishinda majina yote hayo, na naona sababu mbili. Kifupisho kinaanza na u, kikakaa kwenye safu ya ukoma, upele na ukurutu, kikapata upatanisho wake bila taabu: ukimwi unaua, ukimwi umepungua. Na ndani yake mmebaki kinga na mwili, viini vya maana. UVIKO-19 lina u ya mbele, lakini ndani limejaa virusi na korona, wageni watupu. Vibao vya wizara vikaandika UVIKO, mtaa ukaendelea na korona.

Kutoka msiba huo huo tulipata istilahi ninayoiona kuwa mojawapo ya bora kabisa katika Kiswahili cha tiba: dawa za kufubaza makali ya virusi. Kufubaa ni kupoteza mng'ao na ukali. Dawa hizi haziponyi wala haziwafukuzi virusi wakaisha; zinawaondolea makali, na ukiacha kuzimeza makali yanarudi. Jina limesema kweli yote, halikumdanganya mgonjwa kwa tumaini wala kumvunja moyo. Aliyelipata alijua Kiswahili na alijua tiba, na ningependa kumshika mkono.

Dawa ya mseto inalifuatia kwa karibu. Klorokwini iliposhindwa, na iliyoirithi ikashindwa pia, mwaka 2006 Tanzania ilibadili mwongozo ikachagua mchanganyiko wa dawa mbili kwa malaria ya kawaida. Jina lilitoka jikoni, kwenye wali na choroko vilivyopikwa pamoja vikapondwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba humo mna vitu viwili na kwamba haviliwi kimoja kimoja.

Ugonjwa ukizuka ghafla, Tanzania husema mlipuko, Kenya husema mkurupuko. Hapa nasimama na Wakenya. Mlipuko ni bomu: kishindo, moshi, kimya. Kukurupuka ni kwa mnyama aliyekuwa amejificha kichakani, akashtuliwa akatoka mbio. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 hakikushuka kutoka angani. Kilikuwa na vichaka vyake, kwenye visima vifupi na vyoo vilivyofurika. Mlipuko unakufanya uulize ni nini kimetokea. Mkurupuko unakufanya uulize alikuwa amelala wapi. Na kipindupindu chenyewe, kinavyompindua mtu mzima kati ya asubuhi na jioni, hakihitaji jina jingine.

Karantini ndilo neno nililokaa nalo muda mrefu zaidi. Ndani yake mna arobaini ya Waitaliano, zile siku ambazo meli na abiria wake walizuiwa nje ya bandari. Na sisi arobaini tunayo, tena zaidi ya moja. Wauza miti shamba wa Kariakoo wana mwarobaini, mti unaosifiwa kutibu maradhi arobaini. Mama aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini, yeye na mtoto, akipikiwa uji na kukandwa kwa maji ya moto, na wageni wakipunguzwa mlangoni. Huko ndiko kumlinda asiye na kinga, kwa upole na kwa muda unaojulikana.

Linganisha na kutenga. Waingereza waliuacha uwanja wa Mnazi Mmoja wazi kati ya Kariakoo ya Waafrika na Uhindini, na hoja iliyotolewa ilikuwa ya afya. Huko ni kutenga: watu wa mtaa mzima wamehesabiwa kuwa ugonjwa. Mgonjwa anayeambiwa atatengwa anasikia hukumu, na anayeogopa hukumu hukimbia. Napendekeza tuseme kukaa arobaini, hata pale siku zinapokuwa 14, au 21 kama zilivyohesabiwa kwa waliokutana na wagonjwa wa Marburg kule Kagera mwaka 2023. Karantini nayo ilishaziacha arobaini zake zamani. Najua pingamizi, na nalipa uzito: arobaini ni ya msiba pia. Lakini ya msiba tunaifanya au tunaisoma, na ya uzazi tunaikaa. Kitenzi kinatosha kuzitofautisha.

Barakoa lenyewe lilijipata. Lilikuwa la wanawake wa Unguja na Oman, kipande cha kufunika uso kwa stara, na mwaka 2020 likavaliwa na wake kwa waume. Kitakasa mikono pia sina ugomvi nacho.

Ugomvi nilionao uko dirishani pa duka la dawa, hapo Mtaa wa Msimbazi. Mteja anaingiza noti: "Nipe rangi mbili, za buku." Rangi mbili ni kapsuli, nusu nyekundu nusu njano au nyeusi, jina limeishia kwenye ganda. Anakabidhiwa bahasha ndogo imeandikwa 1 x 3, vidonge vya siku mbili, kwa ajili ya mafua ambayo dawa hiyo haiyagusi. Wataalamu walituandalia jina viuavijasumu kwa dawa za aina hiyo, na sijawahi kumsikia mteja akiliomba kwa jina hilo. Ni refu, na sumu iliyomo inapotosha: mtu anadhani dawa inaua sumu. Kiuabakteria si fupi kuliko hilo, ila lina sifa moja kubwa, linajiwekea mpaka. Kinaua bakteria. Mafua ni ya virusi, basi hayamo.

Na kuna sugu. Sugu ni ngozi ngumu, ya kiganja cha mshika jembe au paji la mswalihina. Tukasema ugonjwa sugu kwa ule wa miaka mingi, kama kisukari, kisha kifua kikuu sugu kwa kile kinachozishinda dawa, kisha usugu wa dawa. Ugonjwa wa kudumu na ugonjwa unaoshinda dawa ni vitu viwili, na neno moja limevifunga pamoja. Baya zaidi, usugu wa dawa hausemi nani amekuwa sugu. Ndipo unamsikia mtu akisema, "Dawa hii mwili wangu umeshaizoea," akabadili dawa kama anayebadili shati. Mwili haukuzoea chochote. Waliozoea ni bakteria waliobaki hai dozi ilipokatizwa, na bakteria hao anaweza kumpa jirani ambaye hajawahi kuimeza dawa hiyo.

Kwa hiyo sugu lisitajwe bila mwenyewe: bakteria sugu, vimelea sugu. Kisukari kiitwe ugonjwa wa kudumu. Kwa kifua kikuu tunayo kauli ambayo bibi zetu waliitumia kwa kidonda na kwa homa, kwamba hakisikii dawa; kifua kikuu kisichosikia dawa kinaeleweka hata kwa mtoto. Na kwenye ile bahasha, chini ya 1 x 3, pana nafasi ya maneno sita: Maliza dozi, bakteria wasije wakazoea dawa.